Agnia Chini ya Miti Myeupe

Rodion Savich Pestryakov alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na ushei, katika fleti moja ya pamoja kule Leningrad: familia sita, jiko moja, choo kimoja. Alikuwa mchoraji. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa fundi wa vibao wa karakana ya tramu, na ni kweli kwamba kila kibao cha "Usiegemee mlango" mlichokiona katika njia zile kilitoka mkononi mwake. Mimi nilikuwa mpishi wa kantini ya karakana hiyohiyo. Picha zake sikuzipenda, na sitaanza kuzisifia leo eti kwa sababu hayupo. Lakini nilimjua. Hawa wanaokuja siku hizi na vinasa sauti vyao wananiuliza Rodion alipinga nini, alikuwa kundi gani. Kundi gani! Alikuwa kundi la watu wanaopotea zamu yao ya kudeki jiko inapofika.

Alizaliwa kijijini, upande wa Pskov. Baba yake alikuwa akipaka rangi mikokoteni na nira za farasi, maua mekundu na majogoo, mambo ya harusi. Vita ilipokwisha Rodion alirudi na sikio moja bovu, akakubaliwa katika chuo kimoja cha sanaa pale mjini, na huko hakudumu. Mwaka wa tatu walipelekwa shamba la ushirika wakachore wakamuaji wa ng'ombe. Wenzake wote walirudi na wasichana wenye mashavu ya waridi wanaocheka na ndoo. Yeye alirudi na msichana mwenye uso wa buluu.

Mwalimu wake alimwuliza mbele ya darasa kama amewahi kumwona mtu wa buluu. Rodion akajibu kwamba ndiyo, amemwona huyo, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Januari, zizi halina mlango. Akaambiwa apake waridi kidogo mashavuni, mambo yaishe. Kidogo tu, mtu angekufa? Akakataa. Wakamfukuza kwa maelezo kwamba macho yake yameharibiwa na mambo ya nchi za nje. Na huko nje alikuwa amefika mara moja tu, wakati wa vita, na alichokiona kule kilikuwa matope.

Kwetu ukishafukuzwa namna hiyo, chama cha wachoraji hakikupokei. Usipokuwa mwanachama, wewe si mchoraji, hata ukichora kutwa. Duka la rangi la wanachama huingii, ukumbi wa maonyesho hupewi, na ukikaa nyumbani na brashi yako bila ajira, polisi wa mtaa anakuja kukuuliza unaishi kwa jasho la nani. Watu walihamishwa mji kwa jambo hilo. Ndiyo maana akaenda karakana ya tramu. Mchana aliandika vibao, jioni alichora mambo yake chumbani kwake, na harufu ya mafuta ya rangi ikawa inaingia kwenye supu zetu.

Mkewe alikuwa Agnia, muuzaji wa duka la mkate. Mwanamke mfupi, mkali, mwenye ulimi ambao wateja waliuogopa. Yeye ndiye aliyedeki zamu ya mumewe, na alideki huku akimsema kwa sauti ambayo hata lile sikio bovu lilisikia. Nilimpenda sana Agnia. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu mengine yote nitakayosimulia yanatokana na yeye.

Jioni moja ya majira ya baridi alirudi kutoka foleni ya samaki. Samaki walikuwa wamekwisha watu wawili mbele yake. Akakaa kwenye kigoda pale kwenye korido, koti mwilini, shali kichwani, mabuti ya sufu yakiyeyusha theluji sakafuni, hana nguvu hata ya kuyavua. Rodion akatoka chumbani, akamtazama, akamwambia asiondoke hapo. Agnia akasema ana njaa. Rodion akasema ni kidogo tu. Hiyo kidogo ilikwenda mpaka mwezi wa tatu: kila jioni mwanamke anatoka kazini, anavaa tena shali, anakaa kwenye kigoda, na sisi tunapita kando yake na masufuria.

Picha ilipokwisha tuliitwa wote kuitazama. Uso wa buluu, tena. Mikono myekundu imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Na anakutazama moja kwa moja, kama wewe ndiye uliyemkatia foleni.

"Nimechoka hivyo kweli?" Agnia akauliza.

"Umechoka zaidi," Rodion akamjibu. "Nimekuhurumia."

Tulidhani atamrushia kigoda. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akatufukuza twende tukapike. Picha ikatundikwa juu ya kitanda chao na haikushuka maisha yote ya Agnia, ila mara moja, siku ya maonyesho.

Hayo maonyesho yalifanyika kwenye korido yetu, Jumapili. Picha zilitundikwa kati ya mabeseni na baiskeli, na watu walikuja wengi kuliko viatu vilivyoweza kupangwa mlangoni. Polisi wakaja pia. Wa kwanza alipotaka kuingia, Agnia alimzuia akamwambia korido imedekiwa, avue mabuti. Na mtu mwenyewe, kwa jinsi alivyolelewa na mama yake, akavua. Sasa mtu amesimama mbele yako amekuja kukufokea, na kidole gumba kimetoka nje ya soksi. Ilibidi aseme kwa upole. Alisema mkusanyiko hauna kibali, akachukua picha mbili kama ushahidi, na hizo hatukuziona tena. Karakana nao wakamwita Rodion, wakampa onyo na kumhamishia kwenye vibao vya chooni kwa mwaka mzima.

Agnia alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Sitaeleza sana. Baada ya hapo nilikuwa namsikia Rodion kupitia ukutani akizungumza na ile picha, si maneno ya mapenzi, bali habari za kawaida: vitunguu vimeadimika, Lida hajapiga simu, Glafira Potapovna ananikasirikia tena. Glafira Potapovna ndiye mimi; akinihitaji aliniita Glasha. Na kweli nilikuwa nimekasirika, maana kudeki sasa hakuna wa kumdekia.

Lida ni binti yao wa pekee. Aliolewa na mhandisi, Myahudi, kijana mpole sana, na wakapewa ruhusa ya kuhamia Haifa, kule Israeli, kwa ndugu zake. Akazaa huko. Akamwomba baba yake awafuate, na baba alikuwa ameshaanza kuweka vidonge vya moyo mfukoni. Akaomba ruhusa, akangoja, akapewa. Rodion wakati huo alitaka mambo mawili duniani: kumshika mjukuu wake kabla moyo haujamgomea, na kwenda na picha ya Agnia. Moja bila la pili hakulitaka. Alinitamkia hivyo jikoni, akikwaruza sufuria.

Tatizo lilikuwa kamati. Mchoraji anayehama nchi alitakiwa kupeleka picha zake zote mbele ya kamati, hata kama amezichora mwenyewe kwa rangi yake mwenyewe. Kamati ikiona picha ni ya bure, inagonga mhuri nyuma: haina thamani ya kisanaa. Hiyo unaruhusiwa kuondoka nayo. Ikiona ina thamani, inabaki, ni mali ya nchi. Mtu angefikiri Rodion hana shida, maana walikuwa wamemwambia miaka thelathini kwamba kazi zake ni takataka. Lakini miaka ile wageni walikuwa wameanza kutafuta picha za namna yake, na kamati ikawa na woga. Rafiki yake mmoja alizuiwa picha zote, si kwa kuwa ni nzuri, bali kwa kuwa zingeiaibisha nchi huko ziendako. Zilifungiwa ghala na hakuna aliyeziona tena. Picha zilizopita bila kuulizwa zilikuwa za wazee wastaafu wanaochora paka.

Basi Rodion akaamua kuwa mzee mstaafu anayechora paka.

Alichanganya rangi ya maji na sabuni kidogo ili ishike juu ya rangi ya mafuta, akaanza kuzifunika picha zake moja moja, mchana, mezani jikoni, kwa sababu chumbani hakukuwa na nafasi ya kuzikausha. Akifika huko Haifa, atazipangusa kwa kitambaa chenye maji na zilizo chini zitatokea salama. Alifurahi kama mtoto. Juu ya picha moja ya watu wa foleni alichora paka mwenye utepe. Juu ya mlevi wa kituoni alichora chungu cha maua, na maua yale yalikuwa mabaya kiasi kwamba yule jirani yetu wa chumba cha mwisho aliomba apewe. Juu ya msichana wa zizi, yule wa chuoni, akaweka trekta lenye magurudumu yasiyolingana. Nilizipenda zote. Nilimwambia hizi ndizo picha, angeanza nazo mapema.

Kisha akaishusha picha ya Agnia, na kazi ikasimama.

Siku ya kwanza alikaa mbele yake na brashi kavu. Siku iliyofuata alijaribu paka, akamfuta. Akajaribu chungu, akakifuta. Nilimwambia aache upuuzi, apake chochote, rangi ni ya kuoshwa. Akasema anajua. Akasema mkono haukubali, kwamba hawezi kumtupia Agnia uchafu usoni hata kama ni wa wiki mbili.

Mwishowe akachora msitu wa majira ya baridi, ile miti yetu ya gome jeupe, theluji chini, anga ya jioni. Alimfuata Agnia mwenyewe. Penye shali akapitisha matawi, penye bega akainua kilima cha theluji, kila mti akausimamisha pale ambapo mstari wake ulikuwepo tayari. Hakuwa anamfunika, alikuwa anamvisha. Alipomaliza nilisimama pale na mwiko mkononi, nikasikia baridi, nikataka kukaa. Mimi ambaye picha hazinisumbui.

"Rodya, umeipamba mno," nikamwambia. "Iharibu kidogo. Weka paka."

Hakuiharibu.

Tukazipeleka kwa kamati tukiwa tumezifunga kwenye kigari cha kuburuta juu ya theluji, yeye akivuta, mimi nikishikilia nyuma. Nilikwenda kwa sababu ya moyo wake. Mwenyekiti alikuwa Nonna Valeryanovna, mama wa makamo mwenye miwani, mtaalamu wa michoro, mtu mwenye adabu. Sitamsingizia ubaya, hakuwa nao. Alipita mbele ya picha zilizoegemezwa ukutani. Paka: haina thamani ya kisanaa, mhuri. Maua: mhuri. Trekta: akatabasamu kidogo, mhuri. Rodion kila mhuri ukigonga alikuwa akiinamisha kichwa kama anayeshukuru, na mimi moyoni nilikuwa ninaanza kufunga mizigo.

Alipofika kwenye msitu akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaita mwenzake aje atazame. Wakanong'ona.

"Hii umeichora wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa unatazama nini ulipochora?"

"Kumbukumbu tu," Rodion akasema.

Nonna Valeryanovna akamgeukia, na nadhani kweli alikuwa na huzuni. "Rodion Savich, una mkono huu, halafu umekaa miaka yote unachora zile nyuso za maiti unazosema umezichoma? Ungechora hivi ungekuwa na studio. Ungekuwa na sisi. Kwa nini hukuchora hivi?"

Rodion akaanza kuitukana picha. Akasema miti haina mizizi, theluji ni ya uongo, anga imeibwa kwenye kadi ya sikukuu, wampigie mhuri aondoke nayo. Maisha yake yote hakuwahi kuomba kazi yake isifiwe, na siku hiyo alikuwa akiomba itukanwe, kofia mkononi. Yule mama akadhani ni unyenyekevu. Akamgusa bega akamwambia picha hii haitoki nchini, itakwenda kwa watu wanaostahili kuitazama, na yeye aende salama na zile nyingine.

Mngefanya nini? Angesema kuna picha chini yake, wangeleta kitambaa chenye maji, na baada ya Agnia wangempangusa paka na trekta na vyote, na Rodion angeonja Haifa kwenye ndoto, gerezani. Akasema asante. Tukarudi na kigari, chepesi kidogo kuliko tulivyokwenda nacho.

Siku zile zilizofuata alisema haendi. Alisema hivyo kwa utulivu, akila mkate, na hilo ndilo lililonikera. Nilimfokea mbele ya jiko zima. Nilimwambia Agnia amezikwa, nilimvisha mwenyewe soksi, na ile ni rangi kwenye turubai. Lida yuko hai na ana mtoto ambaye hajui sura ya babu yake.

"Nimwache peke yake?" akaniuliza. "Na watu asiowajua?"

Nikazima moto nikatoka. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea huruma, vyote pamoja, na nikifikiria sasa bado ni hivyohivyo.

Mpishi huwajua wapishi. Niliuliza hapa na pale, na haikupita muda nikapata habari: picha mpya ya msitu, kutoka kwa kamati, imetundikwa kwenye bwalo la nyumba moja ya mapumziko ya wafanyakazi, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni ya abiria kutoka mjini, juu ya meza ya wagonjwa wa tumbo, wale wa uji. Nikamwambia Rodion avae koti. Ilikuwa Jumapili, na tiketi yake ya safari ilikuwa ya Jumanne. Hakuwa ameirudisha, nilichungulia.

Tulifika chakula cha mchana kikiwa kinamalizika. Bwalo lilinuka kabichi na uji wa maziwa. Wazee wa mwisho walikunywa chai chini ya picha ile na mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba msitu huo ni wa kwao, anaufahamu, aliokota uyoga humo. Rodion alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaondoka. Nikaenda mlangoni kwa mwanamke wa kupakua, nikamwanzishia mjadala kuhusu kabichi ya chumvi, inawekwa karoti au haiwekwi, na huo ni mjadala ambao kwetu hauna mwisho.

Nilikuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni. Alisogeza kiti ukutani, akapanda, glasi ya chai mkononi. Akachovya kidole gumba, akaanza kusugua kati ya miti miwili, juu tu ya kile kilima cha theluji. Theluji ikachuruzika nyeupe kama maziwa, akaifuta kwa kiwiko cha koti. Likatokea fundo la shali. Akachovya tena, akasugua, kikatokea kidevu. Kisha shavu, buluu ileile, na ajabu ni kwamba katikati ya theluji yote ile ilionekana kama kivuli cha jioni tu. Hakuna mla uji ambaye angeigundua. Mimi niligundua. Nilimwona Agnia kwenye kigoda, na mwanamke wa kupakua akaniuliza mbona nalia, nikamwambia nimekumbuka kabichi ya mama yangu.

Kidole kilikuwa kinapanda. Alikuwa amefika chini ya jicho, analitafuta, na niliona kwamba hataacha. Nikamwacha mwanamke na karoti zake, nikaenda nikashika mguu wa kiti.

"Rodya," nikamwambia.

Akasita, gumba limegusa turubai, chai inamtiririka mpaka kwenye mkono wa koti.

"Nikimfikia macho, Glasha," akasema, "siondoki."

Akaondoa kidole. Akashuka taratibu kwa sababu ya moyo, akajifuta gumba kwa kipande cha mkate mweusi kilichobaki mezani, akakirudisha kiti mahali pake, tukatoka kuwahi treni ya saa kumi.